Mheshimiwa Aliyekamua Mkono

Wakubwa wawili walipopeana mkono mara ya kwanza, mkubwa wetu alipiga goti. Hakukusudia. Mkono wake uliingia ndani ya mkono wa mwenzake kama panya anavyoingia mdomoni mwa nyoka, na goti likafuata lenyewe. Wao walikuwa upande wa Walikale, mimi nilikuwa upande wetu wa Masisi, na katikati yetu mto ulikuwa unapiga kelele kama malori mia yanayopanda mlima mmoja. Hata hivyo naapa nilisikia mifupa ikilia. Watu huniambia haiwezekani. Mimi nasema nilisikia.

Lazima nieleze wale watu wawili walikuwa nani na walitaka nini. Mto ule ndio unaotenga maeneo yetu mawili. Juu yake palikuwa na kilalo, yaani daraja la magogo, ambalo pikipiki zilipita zikipeleka maharagwe na jibini letu kule, zikarudi na mafuta ya mawese na ndizi. Msimu mmoja wa mvua maji yakabeba daraja zima, yakaacha gogo moja tu, labda kwa huruma. Kulijenga upya kulihitaji pande zote mbili: miti minene iko kwao msituni, maana kwetu ni milima ya majani na ng'ombe tu; misumari, minyororo na mafundi wa mbao walikuwa kwetu. Basi ikaundwa Kamati ya Daraja. Kamati hiyo ilikuwa na marais wawili na haikuwa na makamu hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyekubali kuwa makamu wa mwenzake.

Rais wa upande wetu tulimwita Mheshimiwa. Aliwahi kugombea ubunge, hakupata, lakini cheo kilimbakia kama vumbi la barabara kwenye suruali. Alianza maisha akibeba magunia kwa miguu kule Rubaya, akafungua duka, kisha chama kikamwona, na mikono yake ikalainika kwa kutia sahihi. Yule wa upande wa pili naye aliitwa Mheshimiwa, kwa hiyo sisi tulimwita Mheshimiwa wa Msitu ili tusichanganye. Huyo alikuwa na mabega kama mlango wa kanisa. Walisema anapasua kuni bila shoka. Sikuona, lakini sikatai.

Siku ile ya kwanza Mheshimiwa wetu alivuka gogo kwa magoti na viganja, koti limefungwa kiunoni, sisi tukijifanya tunatazama ndege. Alipofika akasimama, akajipangusa, akavaa koti, akanyoosha mkono. Mwenzake hakuupokea tu. Aliukamata, akauvuta kwake, akaweka mkono wa kushoto juu ya bega na kuukandamiza, huku akitabasamu kuelekea simu zilizokuwa zinapiga picha. Hapo ndipo goti lilipoenda. Kabla ya jua kushuka picha ile ilikuwa katika kila simu kutoka Walikale hadi Nyamitaba: mkubwa wetu chini, mkubwa wao juu, kama mtu anayepewa kipaimara. Kikao kiliahirishwa kabla hakijaanza. Mheshimiwa wetu alirudi kwa magoti yaleyale, safari hii akiwa na mkono mmoja tu wa kushikia.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Kwenye televisheni ya baa pale Masisi nimewaona wakubwa wa dunia nzima wakifanya vilevile: mmoja anavuta, mwingine anakaza, na wote wanaonyesha meno. Mwalimu wetu wa historia katika shule ya jioni alituambia hiyo inaitwa diplomasia. Mimi nikaandika kwenye karatasi ya mtihani kwamba ni ng'ombe dume wawili waliokutana katika njia nyembamba. Alinipa nane juu ya kumi, na zile mbili nasikia zilikatwa kwa sababu ya mwandiko.

Ndiyo, nimesoma shule ya jioni. Mchana nakamua ng'ombe na kutengeneza jibini, jioni nilikuwa naketi kwenye dawati la watoto wa darasa la kwanza, magoti yangu yakigusa masikio. Diplome yangu, yaani cheti cha kumaliza shule, niliipata nikiwa na mvi mbili. Sasa ziko nyingi, lakini diplome ni ileile.

Sasa ugomvi wa wakubwa ulinihusu nini mimi? Ulinihusu kwa ajili ya bibi yangu, yaani mke wangu.

Kabla mvua haijaanza, bibi yangu alikwenda kwao, upande wa Walikale, kumtazama mama yake aliyekuwa ameumia nyonga. Alisema atakaa juma moja, kisha atamleta mama kwa pikipiki aje kukaa nasi, karibu na kituo cha afya. Juma halijaisha, daraja likaondoka. Mtu mzima mwenye miguu yake anaweza kupita juu ya gogo. Mama mzee asiyeweza kukanyaga hawezi, na hakuna pikipiki inayopita juu ya gogo moja, hata vijana wetu wa pikipiki, ambao huamini wanaweza kupita juu ya waya wa kuanikia nguo. Na bibi yangu alisema hawezi kumwacha mama yake. Hapo alikuwa na haki, na mimi sikuwa na la kusema, ingawa nililisema mara nyingi.

Nilivuka mara moja kwenda kuwaona. Nilikaa juu ya gogo kama juu ya punda na kujisogeza kwa makalio. Kwa muda niliotumia, mtoto angeweza kuzaliwa, kubatizwa na kuota meno. Nilirudi kwa namna ileile, maana ng'ombe hawajikamui, na suruali ikabaki kwenye gogo karibu yote. Tangu hapo tukawa tunaonana siku za soko, yeye anashuka hadi ukingo wa kwao, mimi ukingo wa kwetu, tunapiga kelele.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Maharagwe."

"Uliunguza?"

Nikatafuta jibu lenye heshima. Wauza mafuta wa upande wake wakanijibia: "Aliunguza, mama. Iko na sura ya kuunguza."

"Mama anaendelea namna gani?"

"Haamuki kitandani. Nikimugeuza analia." Kisha nikaona amekaa juu ya jiwe, jambo ambalo hakuwa analifanya zamani, bibi yangu ni mtu wa kusimama. Kutoka pale nilipokuwa niliona mabega yake yameshuka. Miezi ilikuwa inapita. Alikuwa akimbeba mama yake mgongoni kumpeleka chooni, mara nne kwa siku, peke yake, na mimi nikiwa na mikono inayoweza kunyanyua ndama, nimesimama hatua ishirini kutoka kwake nikieleza habari za maharagwe.

Ndiyo maana goti la Mheshimiwa liliniuma kuliko lilivyomuuma yeye.

Wiki moja baada ya picha ile, asubuhi, wakati nakamua, Mheshimiwa wetu akatokea kwenye zizi langu. Peke yake, bila yule mtu wa kumbebea mfuko. Alikanyaga kinyesi cha ng'ombe kwa viatu vya ngozi na hakutazama hata chini.

"Papa, iko fasi ya kukaa?"

Nikampindulia ndoo. Akaketi, akatazama milima kana kwamba amekuja kuinunua, halafu akasema: "Nipe mukono."

Nikajipangusa, nikampa. Mtu anayekamua tangu utoto hajui nguvu zake, ni kama mtu mwenye sauti kubwa. Akauvuta mkono wake haraka na kuutia kwapani.

"Njo hii," akasema, yaani ndiyo hii. "Njo hii minatafuta. Kanisani, kwa salamu ya amani, kila mara unaniumiza. Nilikuwa nafikiri unanichukia."

"Hapana, Mheshimiwa. Ni ngombe."

"Najua sasa. Unifundishe."

Nikamwambia mimi si mtu wa siasa. Akasema watu wa siasa anao wengi, hajui awapeleke wapi. Kisha akanieleza: kikao cha pili kitakuwa siku ya soko, baada ya wiki tatu, na zamu hii yule mwenzake ndiye atakayevuka kuja kwetu.

"Akinipigisha tena magoti mbele ya watu wangu, kaka, mimi na yeye njo mwisho. Sitakaa naye tena hata kwa kilio."

Yeye alizungumza habari za magoti. Mimi nilisikia: hakuna daraja, na bibi yako atabeba mama yake mpaka naye nyonga ivunjike. Nikampisha kwenye kigoda changu, chini ya tumbo la ng'ombe mwekundu, aliye mpole kuliko wote.

Ng'ombe mwekundu alikuwa mpole kwa watu wa kawaida. Mheshimiwa alikamata chuchu kama anavyokamata mikrofoni, akafinya kwa nguvu zote, na hakutoka hata tone. Akafinya tena. Ng'ombe akageuza kichwa, akamtazama, akapiga ndoo teke, na ndoo ile, nikisema kweli au karibu na kweli, ilifika Rubaya.

"Papa Mheshimiwa," nikamwambia, "unafinya sawa vile unafunga mulango. Ngombe haiko mulango. Hii kidole kubwa na ya pili zinafunga huku juu, maziwa yasirudi. Halafu inafuata hii, halafu hii, halafu kadogo. Moja moja. Halafu unaachilia. Ukifinya zote pamoja, anaficha maziwa."

"Anaficha wapi?"

"Hiyo hatukusoma. Lakini anaficha. Umusemeshe kwanza, akuzoee."

Akakohoa, akanyoosha mgongo na kuanza: "Wapendwa ndugu zangu..." Nikamwambia aseme naye pole pole, ng'ombe hawapigi kura.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Juma la kwanza mkono ulimvimba hadi saa ikakataa kufungwa. Alipigwa mkia usoni mara nyingi mpaka akajua siku ambazo ng'ombe alilala penye unyevu na siku ambazo alilala pakavu. Katikati ya juma la pili, maziwa yakatoka. Mstari mmoja, mwembamba, ukapiga chini ya ndoo ukalia. Aliendelea, kidole kwa kidole, na ule mlio ukabadilika kadiri ndoo ilivyojaa, na mimi nikaacha kazi yangu nikawa namtazama.

Baadaye, tukinywa maziwa yale, akaniambia: "Unajua, tangu nimekuwa mukubwa, hakuna kitu nimefanya na mikono kikaonekana. Minasaini, minasaini. Makaratasi inakwenda. Sijui inakwenda wapi."

Nikamjibu kwamba lita mbili zinaonekana. Akacheka, akanywa, na masharubu yakabaki meupe. Kusema kweli nilianza kumpenda mtu yule, jambo ambalo shule ya jioni haikuwa imenitayarisha kwalo.

Na nguvu zilikuja. Juma la tatu alinipa mkono na mimi, mwalimu wake, nikabadilisha mguu kwa maumivu. Nilifurahi. Nikaanza kuona daraja limejengwa, pikipiki inavuka, mama mkwe juu yake. Nilifagia nyumba. Nilisugua sufuria iliyoungua, kazi ya siku mbili na mchanga wa lori zima.

Kisha, Jumapili ya mwisho kabla ya kikao, padri akasema tupeane amani. Mheshimiwa akamgeukia katekista aliyekuwa nyuma yake na kumpa mkono. Nilikuwa kwenye benchi la pembeni, nikaona. Vidole vya Mheshimiwa vilifunga juu, kile kikubwa na cha pili. Kikafuata cha tatu. Kikafuata cha nne. Kikafuata kile kidogo. Vikaachilia. Vikaanza tena. Katekista alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie.

Nilimngoja nje ya kanisa.

"Mheshimiwa, mukono wako iko inakamua."

"Inakamua nini?"

"Kila kitu. Imekamua katekista."

Alicheka, akanishika mkono kunionyesha kwamba nasema uongo, na akanikamua vizuri kabisa, mara tatu, kwa mpangilio niliomfundisha mwenyewe. Tukatazamana. Akajaribu kukaza vidole vyote pamoja, ikawa vibaya zaidi: mkono ulikaza, ukasahau, ukarudi kwenye kazi yake. Nadhani kama kungekuwa na ndoo chini ningetoa kitu.

Msomaji asiyetoka kwetu atauliza ubaya uko wapi. Kwetu hata mtoto anayetambaa anaujua mwendo ule. Mheshimiwa wa Msitu angevuka mto, asimame mbele ya soko lote la Masisi, na mkubwa wetu amkamue hadharani kama ng'ombe mwenye ndama mchanga. Soko lingepasuka kwa kicheko. Yeye angeuliza kwa nini tunacheka, mtu angemweleza, kwa maana sokoni hapakosi mtu wa kueleza, na angevuka kurudi kwao na miti yake yote.

Nikamwambia afunge bandeji, aseme ameumia. Akakataa: bandeji itasema anaogopa. Nikamwambia asalimie kwa mkono wa kushoto. Akaniuliza kama diplome yangu ni ya kweli. Mwishowe nikatunga uongo, na uongo wangu ulikuwa mzuri: kama mambo yakiharibika, aseme kwamba hiyo ni salamu ya kale ya Masisi, ya kuwapokea wageni wakubwa, iliyosahauliwa na vijana. Mimi ningesimama na kuthibitisha, kama mtu aliyesoma. Akatia mkono ule mfukoni, akaondoka.

Siku ya soko ikafika bila mvua. Watu walijaa ukingoni. Upande wa pili nilimwona bibi yangu kwenye jiwe lake, kitenge kichwani. Hakupiga kelele. Hata yeye alikuwa anajua kwamba siku ile si ya maharagwe.

Mheshimiwa wa Msitu alivuka gogo kwa miguu miwili, mikono mfukoni, kana kwamba anatembea kwenye lami ya Goma. Watu wake wakapiga makofi. Akashuka, akaja moja kwa moja kwa Mheshimiwa wetu, ameshanyoosha mkono tangu mbali, na mkono wa kushoto tayari umeinuliwa kwa ajili ya bega. Simu zikapanda juu kama nyasi.

Mikono ikakutana. Nikaona yule wa Msitu anakaza; mishipa ya shingo ilimtoka. Mheshimiwa wetu hakupiga goti. Alisimama. Kwa muda wa pumzi moja nilifikiri tumepona.

Kisha kidole kikubwa na cha pili vikafunga.

Cha tatu. Cha nne. Kile kidogo. Na tena.

Kicheko hakikutoka. Ningependelea kingetoka. Ulikuja ukimya wa watu mia tano wanaouma midomo. Mama mmoja muuza maziwa aliinama akajifanya anatafuta kitu chini. Na mkono wa Mheshimiwa wa Msitu, ule wa kupasulia kuni, ukaanza kulegea. Ng'ombe anayekamuliwa vizuri hawezi kukaza, na nadhani binadamu naye hawezi. Mkono wa kushoto ulishuka kutoka begani wenyewe. Alitazama chini, akatazama vidole vinavyopanda na kushuka juu ya vidole vyake.

"Hii ni salamu ya wapi?" akauliza.

Ndani ya kichwa changu nilipiga kelele: ya kale, ya Masisi, ya wageni wakubwa. Nilishapiga hatua mbele kuthibitisha.

Mheshimiwa wetu akautoa mkono wake taratibu. "Haiko salamu," akasema, kwa sauti ya zizini, si ile ya mikutano. "Unisamehe, mukubwa wangu. Nimekukamua. Ile siku uliniumiza, nikasikia haya mbele ya watu. Basi nimekamua ngombe wiki tatu juu nipate nguvu ya kukuumiza na mimi. Sasa mukono haijui tena kitu ingine."

Nilitazama upande wa pili wa mto na nikaona bibi yangu amesimama.

"Wiki tatu?" akauliza yule wa Msitu.

"Wiki tatu. Kila asubui."

"Juu ya mukono wangu?"

"Juu ya mukono wako."

Mheshimiwa wa Msitu aliufungua mkono wake na kuufunga, akaufungua tena. Uso wake ulikuwa kama mlima wenye ukungu, hujui kilichomo ndani. Akasema: "Mimi ile siku, kufika nyumbani, sikuweza kushika hata bugali. Nimekula na mukono ya kushoto siku ine. Bibi yangu akasema nimepata kiharusi. Akaita padri aniombee."

"Padri alikuja?"

"Alikuja. Akanipa mukono. Nikalia."

Sijui nani alianza. Nadhani ni yule mama wa maziwa. Kicheko kilitoka upande wetu, kikavuka mto bila gogo, na wa upande wa pili, ambao hawakuwa wamesikia hata neno moja, wakacheka kwa sababu sisi tulikuwa tunacheka. Wakubwa wale wawili walicheka wakishikana mabega, na safari hii bega lilikuwa la kujizuia kuanguka. Mimi nilikaa chini palepale kwenye matope.

"Nani alikufundisha?" nikasikia yule wa Msitu anauliza. Mheshimiwa akaninyooshea kidole. Nikafikiria kukimbia, lakini matope yalikuwa yamenishika.

"Na ngombe mwenyewe iko wapi? Mimi sijagusa ngombe hata siku moja. Kwetu tunazionaka zimekwisha kupikwa."

Nikaenda kumleta ng'ombe mwekundu. Kikao cha pili cha Kamati ya Daraja kilifanyika namna hiyo: Mheshimiwa wa Msitu juu ya kigoda, jasho likimtiririka, Mheshimiwa wetu amechuchumaa karibu naye akimwelekeza, "moja moja, mukubwa, usifunge mulango," na mimi nimeshika kamba. Ng'ombe alimkanyaga kiatu, akabaki amekikanyaga muda mrefu. Katikati ya hayo walizungumza. Magogo sita? Nane, mawili ya akiba. Nani atayaburuta hadi mtoni? Vijana wa Msitu. Nani atawalisha vijana? Masisi, maharagwe na maziwa. Lini? Jumatatu. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi, kwa sababu mikono yote ilikuwa imelowa maziwa. Habari ya nani rais na nani makamu haikuguswa, na mpaka leo kamati ile ina marais wawili, sawa tu.

Jumatatu ile nilisikia shoka msituni. Sijawahi kusikia muziki unaofanana nao, na nimeimba kwaya ya parokia miaka mingi, sauti ya pili. Nilipeleka maziwa kwa mafundi kila siku, na kila siku nilikagua misumari kana kwamba mimi ndiye injinia, mpaka fundi mkuu akaniambia kwa heshima nikakae mbali.

Bibi yangu alivuka siku ya kwanza ambayo pikipiki ziliruhusiwa. Mama mkwe alikuwa amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva, nyuma yake gunia la nguo lililomshikilia asiegemee. Bibi yangu alitembea pembeni, mkono juu ya nyonga ya mama yake, akimwambia dereva: "Pole pole, kaka. Pole pole nimesema." Katikati ya daraja mama mkwe akataka wasimame. Akatazama mbao kushoto na kulia, akasema ubao mmoja umepinda. Umepinda kweli. Watu wote wa pande mbili walingoja amalize kutazama.

Nilichukua gunia, nikachukua kuku, nikachukua kila kilichokuwa na mpini. Tulipofika nyumbani tukamlaza mama kwenye kitanda kilicho karibu na dirisha, na mimi ndiye niliyemnyanyua, kwa mara ya kwanza, na alikuwa mwepesi kuliko ndama. Bibi yangu alisimama akanitazama namna ninavyomshika. Hakukosoa kitu. Kisha akaketi pembeni ya kitanda chetu kuvua viatu, akavua kimoja, na usingizi ukamkuta na cha pili mguuni.

Alilala mchana wote. Nilimvua kile kiatu. Nikampa mama mkwe maziwa, nikamgeuza kama alivyotaka kugeuzwa, akalia kidogo na kunyamaza. Majirani walikuja kusalimia, mmoja baada ya mwingine, na mimi niliketi mlangoni nikachambua maharagwe na kuwaambia kwa sauti ya chini warudi kesho, mwenye nyumba amelala.